Tapeti Zilizonyamaza: Majibu kwa Wasomaji wa Kigoma

Barua tatu tulizozichagua safari hii zimetoka mkoa mmoja, na zote zinahusu ile nafasi ndogo inayoachwa kati ya valvu, yaani mlango wa kuingiza hewa na mafuta au kutoa moshi kwenye injini, na roka, mkono unaoibonyeza valvu hiyo; ndiyo nafasi ambayo mafundi huishughulikia wanaposema wanaseti tapeti. Ya kwanza imepewa jibu refu kuliko nyingine, kwa kuwa kosa linaloelezwa humo hufanyika kila siku kwa nia njema, na mwenye pikipiki huondoka gereji akishukuru.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni dereva wa bodaboda hapa Ujiji. Pikipiki yangu ni ya sisi 125, injini ya pushi rodi, na kazi yangu kubwa ni abiria wa Ujiji na Mwanga, pamoja na magunia ya dagaa ninayoyachukua Kibirizi alfajiri. Miezi michache iliyopita injini ilianza kugonga juu, tik tik tik, na fundi akaniambia ni tapeti. Akafungua mfuniko wa hedi pale pale, injini ikiwa bado ya moto, akakaza skrubu huku akisikiliza, na mlio ukaisha kabisa. Tangu hapo asubuhi inawaka vizuri, lakini nikishapanda mlima na mzigo kisha nikaizima, haiwaki tena mpaka ipoe. Kiki imekuwa nyepesi, na nikiachia mafuta kwenye mteremko eksozi inapiga risasi. Nimeshabadilisha plagi na kabureta kwa ushauri wa fundi huyo, na sasa anasema ni ringi za pistoni. Je, inawezekana shida ni tapeti ilhali hazipigi kelele hata kidogo? Na kama ni hizo, naweza kuzipima mwenyewe?
Dereva wa bodaboda, Ujiji

JIBU: Marahaba, ndugu. Inawezekana, na kwa dalili ulizozitaja ningeanzia hapo kabla ya kununua ringi. Tapeti hazitoki hatiani kwa sababu zimenyamaza. Kwa maelezo yako, ukimya huo ndio ushahidi wa kwanza dhidi yake.

Katika injini yako kamu, chuma chenye nundu kinachozunguka, iko chini karibu na kranki, ule mhimili mkuu wa injini, nayo husukuma pushi rodi mbili, vijiti vya chuma vinavyopanda hadi kwenye hedi, yaani kichwa cha injini. Huko juu kila pushi rodi huinua upande mmoja wa roka, na upande wa pili wa roka hubonyeza ncha ya valvu ili ifunguke. Kamu ikishapita, springi huirudisha valvu kwenye kiti chake. Ili valvu ikae kitini sawasawa ni lazima roka iiachie kabisa, na ndiyo maana watengenezaji huacha nafasi ndogo kati ya skrubu ya roka na ncha ya valvu. Katika Honda CG125, pikipiki ya miaka ya 1970 ambayo injini nyingi za Kichina za pushi rodi zimenakiliwa kwake, nafasi hiyo ni milimita 0.08 kwa valvu zote mbili, ya kuingiza na ya eksozi, injini ikiwa baridi. Kama kitabu cha pikipiki yako kinasema vinginevyo, fuata kitabu chako.

Nafasi hiyo ikiwepo, roka haina budi kugonga kidogo kila inapokutana na valvu. Mlio mwembamba, wa haraka na wenye mpangilio, ni wa kawaida kwa injini za aina hii na haumdhuru mtu. Fundi anayekaza skrubu mpaka mlio uishe ameimaliza nafasi yote, au amebakiza kidogo asichoweza kukitaja kwa tarakimu. Na akiifanya kazi hiyo injini ikiwa ya moto, hata akiwa na kipimo mkononi hajui anachokipima, kwa sababu tarakimu ya kitabu ni ya chuma kilichopoa.

Madhara yake huanzia kwenye valvu ya eksozi. Valvu hii hupitisha gesi iliyotoka kuungua, na njia yake kubwa ya kupoa ni kukaa juu ya kiti, ambapo joto huhamia kwenye hedi na kutolewa na upepo unaopita kwenye mbavu za injini. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka na kufungwa mara 3,000 ndani ya dakika hiyo, yaani mara 50 kila sekunde, kwa hiyo muda wa kukaa kitini ni mfupi hata mambo yakiwa sawa. Nafasi ikiwa imekwisha, valvu inayorefuka kwa joto hubaki imeinuliwa kidogo na roka. Mgandamizo huvuja, gesi ya moto hupenya ukingoni mwa valvu, na ukingo huo huanza kuungua. Ukiungua, hakuna kuseti tena kutakakoufanya uzibe.

Sasa zitazame dalili zako. Alfajiri chuma kikiwa baridi, valvu inafika kitini na injini inawaka. Ukishapanda kutoka ufukweni Kibirizi hadi Mwanga na gunia nyuma, valvu imerefuka, hewa haigandamizwi ipasavyo, na kiki inashuka bila upinzani. Mafuta yasiyoungua yanatorokea kwenye bomba la eksozi na kulipukia huko, ndiyo ile risasi unayoisikia kwenye mteremko. Plagi mpya haizibi uvujaji huo, wala kabureta mpya.

Uelewe pia kwamba nafasi inaweza kupungua bila mkono wa fundi yeyote. Kadiri ukingo wa valvu na kiti chake vinavyolika, valvu huzama ndani ya hedi, na ncha yake ya juu hupanda kuikaribia roka. Kuchakaa kwa roka na skrubu kwenyewe huiongeza nafasi, na hapo ndipo kelele inapozidi. Nafasi iliyozidi ina hasara zake, kwani valvu huchelewa kufunguka, huwahi kufungwa, injini hupungua nguvu na vyuma hupondana. Lakini angalau inabisha hodi. Nafasi iliyokwisha haibishi hodi kwa mtu.

Kuhusu kupima mwenyewe, unaweza, mradi uwe na mkono mtulivu na asubuhi moja isiyo na abiria. Utahitaji fila geji, yaani kipimo cha mabapa membamba ya chuma, yenye mabapa ya milimita 0.05, 0.08 na 0.10, spana inayokaa sawasawa kwenye nati ya roka, kifaa cha kushikia kichwa cha mraba cha skrubu, na spana ya plagi. Pikipiki ilale usiku kucha bila kuwashwa. Kabla hujalegeza boliti yoyote, futa vumbi jekundu lililoganda kuzunguka mfuniko wa hedi kwa brashi na kitambaa chenye mafuta ya taa. Ikibidi, toa tanki ili mkono upate nafasi. Ukishaufungua mfuniko, ziba kwa kitambaa safi njia ambamo pushi rodi zinapita. Nati ikidondokea humo itashuka hadi chini ya injini, na kazi ya nusu saa itakuwa ya kufumua injini.

Toa plagi ili mgandamizo usikusumbue. Kisha fungua vile vifuniko viwili vya upande wa kushoto wa injini: kikubwa cha katikati kinakufikisha kwenye nati ya magneti, lile gurudumu lililo mwisho wa kranki, na kidogo cha juu ni dirisha la kusomea alama. Zungusha nati hiyo kinyume cha mwelekeo wa mishale ya saa huku ukiitazama roka ya valvu ya kuingiza, ile iliyo upande wa kabureta. Itaibonyeza valvu, kisha itaiachia ipande. Endelea taratibu mpaka alama ya T iliyochorwa kwenye magneti ilingane na alama ya kwenye kava. Herufi F iliyo jirani nayo ni ya wakati wa plagi kutoa moto, kwa hiyo usisimamie hapo.

Shika roka zote mbili kwa vidole. Zikiwa na mchezo kidogo, pistoni imefika juu kabisa mwisho wa kugandamiza na valvu zote mbili zimefungwa, kwa hiyo unaweza kupima. Lakini pikipiki yako imekazwa kwa sikio, na huenda ukakuta roka moja haina mchezo wowote. Wengi hapa huzungusha injini mzunguko mwingine wakidhani wamekosea, wanakuta bado imekaza, wanachanganyikiwa. Njia ya kutofautisha ni kuzungusha magneti kidogo mbele na kidogo nyuma ya ile alama ya T. Kama roka zinapanda na kushuka, uko kwenye mzunguko usio wake, ambapo eksozi inafunga na valvu ya kuingiza inafungua; zungusha duru moja kamili. Kama roka zimetulia tuli na ile moja bado haina mchezo, basi umeuona ugonjwa wenyewe kwa macho yako.

Penyeza bapa la 0.08 kati ya skrubu na ncha ya valvu. Linatakiwa lipite kwa kukwaruza kidogo, vidole vikilihisi linavutwa pande zote mbili bila kung'ang'aniwa. Uhakika mzuri zaidi ni kujaribu majirani zake: la 0.05 lipite bila kizuizi, la 0.10 ligome. Likigoma usilisukume kwa nguvu, maana bapa jembamba hujikunja na halirudi kunyooka tena.

Kama nafasi si sahihi, shika kichwa cha skrubu, legeza nati yake, kisha geuza skrubu kidogo kidogo bapa likiwa ndani. Ukipata kile kikwaruzo unachokitaka, ishikilie skrubu isitikisike huku unakaza nati, halafu pima upya. Kupima upya si hiari. Nati ikikazwa huiburuta skrubu pamoja nayo, na nafasi uliyoipata kwa utulivu hupotea katika robo ya mwisho ya spana. Ukiwa umemaliza valvu zote mbili, zungusha injini duru mbili kamili, irudishe kwenye T, na upime kwa mara ya mwisho.

Kabla ya kufunga, imulike ncha ya skrubu kwa tochi. Ikiwa imechimbika katikati, bapa litakaa juu ya kingo za shimo na kukusomea 0.08 ilhali nafasi halisi ni kubwa kuliko hapo. Hiyo ndiyo sababu injini nyingine huendelea kugonga hata baada ya kupimwa vizuri, na ndiyo pia inayowashawishi mafundi kukaza kwa sikio. Skrubu ya namna hiyo hubadilishwa. Angalia pia mpira wa mfuniko; ukiwa umekakamaa, oili itavuja hata ukikaza boliti mpaka zikatike.

Baada ya hapo, kama kiki imerudi kuwa nzito na injini ya moto inawaka, umesalimika. Kama nafasi ni sahihi lakini kiki bado ni nyepesi, mimina kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi, ipige kiki mara kadhaa, kisha rudisha plagi na usikilize mguu wako. Ikiwa kiki imekuwa nzito, ringi zinahusika na fundi wako alikuwa na hoja. Ikiwa haikubadilika, valvu inavuja, na hedi ishushwe ili valvu isagwe kwenye kiti chake. Valvu ambayo ukingo wake umekwisha kuliwa na moto usikubali isagwe tu. Nunua mpya, kwa sababu kuisaga kutakupa wiki chache na hedi itashushwa tena.

SWALI: Mimi ni mama mfanyabiashara hapa Kasulu. Nina pikipiki ya sisi 150 niliyompa kijana kwa mkataba, na huniletea hesabu kila jioni. Kila baada ya muda anapunguza hesabu akisema amepeleka pikipiki kuseti tapeti. Je, kazi hiyo inahitajika mara nyingi hivyo? Nitajuaje kama imefanyika kweli?
Mama mwenye pikipiki, Kasulu

JIBU: Mama, kazi hiyo ipo, na kijana asilaumiwe kwa kuitaja. Vitabu vya pikipiki za aina hii huagiza nafasi ya valvu ikaguliwe mapema, ndani ya kilomita 1,000 za kwanza, kisha kila baada ya kilomita elfu chache. 4,000 ni kipimo kinachokutwa mara nyingi. Pikipiki ya kwendea shambani na kanisani huchukua miezi mingi kufika huko. Ya biashara, ikitembea kilomita 100 kwa siku, hufika ndani ya siku 40. Kwa hiyo usihesabu kwa miezi. Hesabu kwa kilomita, na kama waya wa spidi mita umekatika, kama ulivyokatika kwenye bodaboda nyingi, ugharimie huo kwanza, maana bila huo wewe na kijana mtabaki mnabishana kwa kukisia.

Weka daftari dogo. Kila kazi inapofanyika, fundi aandike kilomita za siku hiyo na tarakimu mbili kwa kila valvu: nafasi aliyoikuta na nafasi aliyoiacha. Atakayeandika kwamba eksozi ameikuta na 0.04 na kuiacha na 0.10 amepima, atakayesema tu kwamba ameseti, mwulize ameseti kwa ngapi. Pikipiki nyingi za sisi 150 zina kamu juu kwenye hedi, hazina pushi rodi, na mara nyingi valvu yake ya eksozi hupewa nafasi kubwa kidogo kuliko ya kuingiza, tarakimu zikiwa kati ya 0.05 na 0.10. Tarakimu kamili za pikipiki yako zimo katika kitabu ulichopewa dukani, na hizo ziandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.

Daftari hilo lina faida nyingine ambayo mimi naiona kubwa kuliko ya kumlinda mtu asikuibie. Ukiona kila ukaguzi eksozi inakutwa imepungua, na inapungua upesi kuliko mara iliyopita, valvu inazama kwenye kiti chake. Utakuwa umejua wiki kadhaa kabla ya pikipiki kugoma na abiria katikati ya milima ya Manyovu, na utaishusha hedi kwa wakati unaoupanga wewe.

Saa ya kazi nayo inasema mengi. Kijana akikuambia tapeti zimesetiwa mchana kati ya safari mbili, kazi hiyo haikufuata kitabu, hata kama ilifanyika kweli na fedha ililipwa. Afadhali aiache pikipiki kwa fundi jioni, ipimwe asubuhi kabla haijawashwa. Gharama yake ni ya mikono ya fundi. Vipuri huhitajika mara chache, na kwa kawaida haizidi mpira wa kifuniko au skrubu iliyochakaa. Akikuletea bei ya hedi kwa kazi ya tapeti, hapo una haki ya kuuliza, na kipuri cha zamani akulete ukione.

SWALI: Mafundi wetu huku Uvinza hawana fila geji. Mmoja hutumia wembe, mwingine kipande cha msumeno wa chuma. Je, inafaa?
Msomaji, Uvinza

JIBU: Msumeno wa chuma haufai kabisa. Una unene unaozidi nusu milimita, mara kadhaa ya nafasi inayotakiwa, na injini iliyosetiwa kwa msumeno itagonga mpaka majirani walalamike. Wembe wa kawaida wa pande mbili una unene wa takriban milimita 0.1, kwa hiyo kwa valvu inayotaka 0.10 unaweza kukufikisha nyumbani, kwa inayotaka 0.08 umezidi kidogo, na kwa inayotaka 0.05 umezidi maradufu. Kati ya kuzidi na kupungua, ningechagua kuzidi kwa siku chache.

Ipo njia nyingine ya dharura ambayo haihitaji kipimo chochote, nayo ni kuhesabu mzunguko wa skrubu. Hesabu kwanza thredi zilizomo katika urefu wa milimita 5 za skrubu. Zikiwa 10, kila duru moja ya skrubu huisogeza kwa milimita 0.5. Injini ikiwa baridi na pistoni ikiwa juu mwisho wa kugandamiza, kaza skrubu kwa vidole mpaka iguse tu ncha ya valvu, kisha irudishe nyuma moja ya sita ya duru, na utakuwa karibu sana na 0.08; moja ya tano ya duru ni 0.10, na moja ya kumi ni 0.05. Kichwa cha skrubu kikiwa cha mraba, pande zake nne zitakusaidia kukadiria, kwa kuwa kutoka upande hadi upande ni robo ya duru. Shida inabaki pale pale kwenye nati, kwani ikiiburuta skrubu wakati wa kukaza hutakuwa na bapa la kukuonyesha.

Kwa hiyo mkipata mtu anayekwenda Kigoma mjini, mchangishane mumtume fila geji moja itakayotumika na mafundi wote wa kijiweni kwenu. Mwambieni aifungue na kusoma tarakimu zake kabla ya kulipa, kwa sababu baadhi ya zile wanazotumia mafundi wa magari huanzia 0.10, na bapa mnalolihitaji ninyi halimo.